Kifurushi Kilichopima Maji

Soda tunayokunywa hapa Kizwite, Sumbawanga, hupanda kwa lori kutoka Mbeya, ikapita Tunduma na Laela, ikashushwa kwa wauzaji wa jumla mjini Sumbawanga. Kutoka hapo huteremka bondeni kwa pikipiki na magari madogo, na ukifika Muze au Mtowisa utaikuta dukani. Dawa ya mtoto anayeharisha haina uhakika huo. Mwingereza Simon Berry, aliyekuwa akifanya kazi za maendeleo kaskazini-mashariki mwa Zambia, nchi tunayopakana nayo pale Kasesya, aliliona jambo hilohilo mwaka 1988. Akauliza: kwa nini dawa isisafiri na kreti?

Wazo lilikaa miaka 20 kabla ya yeye na mkewe Jane kulifufua na kuanzisha shirika la hisani la ColaLife. Kikachorwa kifurushi cha plastiki kinachojipenyeza katikati ya shingo za chupa ndani ya kreti. Picha yake ilipendwa mno, na kwa maoni yangu imeificha kazi bora zaidi waliyoifanya, ile ya kuuchunguza ugonjwa wenyewe mahali unapouguzwa, yaani nyumbani.

Upande wa tiba hapakuwa na fumbo. Tangu majaribio ya Dhaka mwaka 1968 ilijulikana kwamba utumbo hupokea chumvi vizuri ikiandamana na glukosi, na maji hufuata, hata kipindupindu kikiwa kimeshika. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakasisitiza pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Pakiti ya ORS, yaani mchanganyiko huo wa chumvi na glukosi wa kukoroga kwenye maji, ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na sitrati na kloridi ya potasiamu, na hesabu yote hiyo inadai lita moja kamili. Maji yakizidi, dawa inapoteza nguvu. Yakipungua, chumvi inakuwa kali na yaweza kumdhuru mtoto.

Sasa ingia jikoni kwa mlezi. Walipowauliza akina mama, watafiti wa ColaLife waligundua kwamba lita moja ndiyo iliyokuwa kikwazo. Wengi hawakuwa na chombo cha kuipimia. Tena mtoto mdogo hunywa kama mililita 400 tu kwa siku, na mchanganyiko uliolala saa 24 ni wa kumwaga. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya dawa huishia uani. Usishangae mlezi akiigawa pakiti kwa macho. Ukimwita mzembe utakuwa umemwonea, maana pakiti ilikatwa kwa vipimo vya wodini.

Ubunifu ulianzia kwenye majibu hayo. Pakiti ikapunguzwa hadi ya mililita 200. Kifurushi chenyewe kikawa kipimo cha maji hayo: kifungue, jaza, koroga, mnyweshe mtoto humohumo. Ndani wakatia vidonge 10 vya zinki, ili anayenunua ORS asiondoke bila zinki, na kipande cha sabuni, kwa kuwa mikono michafu ni njia mojawapo ya ugonjwa kurudi. Wakakiita Kit Yamoyo.

Jaribio la mwaka 2012 na 2013 lilifanyika katika wilaya za Kalomo na Katete, Zambia. Watoto walioharisha wakapata ORS pamoja na zinki walipanda kutoka chini ya asilimia 1 hadi takribani 45. Namba ninayoithamini zaidi ni nyingine: asilimia 93 ya waliotumia kifurushi walichanganya sawasawa, wakati kwa pakiti za lita moja walikuwa asilimia 60. Mwaka 2013 Design Museum ya London ikakipa tuzo kwa upande wa bidhaa.

Na kreti? Ni kama asilimia 8 tu ya wenye maduka waliowahi kuitumia kubebea vifurushi. Wengine walivibeba kama wanavyobeba sukari na sabuni. Kilichovifikisha vijijini ni faida ya muuzaji na mteja anayeulizia, basi. ColaLife hawakung'ang'ania umbo lililowapa sifa. Toleo lililofuata, lililotengenezwa na Pharmanova ya Lusaka, halikuhitaji kutoshea popote kwenye kreti, na pakiti zikashuka kutoka 8 hadi 4 baada ya kuonekana nyingine zinabaki.

Je, huku Ufipa? Mwaka 2019 ORS na zinki katika kifurushi kimoja viliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na sisi tunayo maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003. Kuna hoja mbili za kukipinga, na zote zina uzito. Ya kwanza, chupa za maji za nusu lita zimejaa kila mahali, na mbili zinatimiza lita. Ni kweli, ila chupa haizuii dawa iliyobaki kumwagwa kesho yake. Ya pili ni bei. Kifurushi kiliuzwa kwacha 5, kama dola moja, na kwetu sera inampa mtoto wa chini ya miaka mitano matibabu bure katika zahanati ya serikali. Penye zahanati jirani yenye dawa, sioni sababu ya mama kukinunua. Ningeiacha Kizwite kwanza, nikaanza na duka la Ilemba, wakati wa mvua, barabara ya kushuka bondeni inapokuwa matope.