KITENZI NA NJAA: UHAKIKI WA LUGHA YA UTAWALA NA BEI KATIKA LODWAR NA KAKUMA

Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia tenzi, riwaya na tamthilia. Matangazo ya serikali, majina ya miradi na maneno ya sokoni huachiwa waandishi wa habari na watu wa siasa, kana kwamba hayana fani wala maudhui. Hata hivyo maneno hayo ndiyo yasikiwayo na watu wengi zaidi, na katika sehemu nyingine za Kenya ndiyo Kiswahili ambacho mwananchi husemeshwa nacho na dola mara nyingi kuliko kingine chochote. Makala haya yanachunguza Kiswahili hicho kama kilivyo katika miji miwili ya Turkana: Lodwar, ambao ni makao makuu ya kaunti tangu 2013, na Kakuma, penye kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992. Yatazamwayo ni mambo matatu: majina ya shughuli za umma yaliyoundwa kwa hali ya kuamuru, vitenzi vya bei na mgao visivyotaja mtenda, na nomino zinazowagawa watu.

Ikumbukwe jinsi Kiswahili kilivyofika huko. Wachuuzi walikuwa nacho, lakini aliyekipa mamlaka ni askari na karani wa utawala wa kikoloni. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Sheria ya wilaya maalumu ya mwaka 1934 iliutia nguvu utaratibu wa kuwazuia watu kuingia na kutoka bila ruhusa. Ndiyo maana serikali ya kikoloni iliiona kuwa mahali pa kufaa kwa kuwaweka watu iliowaogopa. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha kutoka 1959 hadi 1961 akawekwa kizuizini Lodwar. Basi katika nchi hiyo Kiswahili cha serikali kilisikika kwanza kama amri na kibali. Swali ni kama sarufi yake imebadilika tangu hapo.

Hali ya kuamuru

Tangu miaka ya 2000 serikali ya Kenya imependelea muundo mmoja wa kuzipa shughuli zake majina: kitenzi cha amri katika umoja, kikifuatwa na yambwa. Operesheni ya kijeshi ya Mlima Elgon ya mwaka 2008 iliitwa Okoa Maisha. Jeshi lilipoingia Somalia Oktoba 2011, jina lilikuwa Linda Nchi. Februari 2023, sehemu za kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Turkana ikiwa mojawapo, zilitangazwa kuwa zenye vurugu na hatari, kafyu ya usiku ikawekwa, na jeshi likapelekwa kuwasaidia polisi. Operesheni hiyo iliitwa Maliza Uhalifu. Muundo huohuo umetumiwa katika huduma za jamii: Inua Jamii ni fedha za wazee, yatima na wenye ulemavu, na Linda Mama ulikuwa mpango wa uzazi bila malipo.

Fani ya majina haya si mbaya. Ni mafupi, yana mapigo, na yanakaa vizuri katika kumbukumbu. Kasoro yake imo katika kile yasichokitaja. Amri haina kiima kinachoonekana. Aambiwaye hueleweka kwa mazingira tu. Katika Maliza Uhalifu, aambiwaye ni askari. Mchungaji wa Kainuk, mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi, hayumo katika sentensi kama mtu wa kuamriwa wala kama mtu wa kulindwa. Anaweza kuwamo kama sehemu ya huo uhalifu, na jina halimpi njia ya kujua kama amehesabiwa humo. Okoa Maisha lilikuwa angalau na yambwa inayoweza kumhusu. Jina la mwaka 2023 limeondoa hata hiyo: limebakiza kosa, wakosewaji wametoweka.

Inafaa kulinganisha na neno ngoroko, ambalo Turkana hutumika kwa majambazi wenye silaha wanaoteka mifugo. Neno hilo lilisafiri kinyume cha maneno mengine. Mwaka 1978, baada ya kifo cha Kenyatta, lilitajwa sana Nairobi kama jina la kikosi cha polisi cha kuzuia wizi wa mifugo kilichodaiwa kuandaliwa ili kuzuia urithi halali wa madaraka. Kwa hiyo jina la mwizi likawa jina la mlinzi wake. Kwa watu walioishi kati ya hao wawili huenda hilo halikuwa jambo la kushangaza. Kwa mhakiki ni ushahidi kwamba maneno ya usalama hayana maana nje ya swali la nani analindwa dhidi ya nani.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni Bamba Chakula. Hili ndilo jina la utaratibu ulioanzishwa Kakuma mwaka 2015 na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani: badala ya sehemu ya nafaka, mkimbizi alipelekewa kwa simu thamani ya fedha ya kununulia chakula katika maduka yaliyoidhinishwa. Kitenzi kilitoka katika lugha ya vijana wa mijini, nacho kilikuwa kimekwisha kuzoeleka kwa kadi za simu zilizoitwa Bamba. Kwa upande huo waliolichagua walikuwa na sikio zuri. Utaratibu wenyewe ulisaidia kukuza biashara. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Fedha la Kimataifa ulikadiria uchumi wa Kakuma kuwa wa dola milioni 56 hivi kwa mwaka.

Lakini kubamba ni kukamata ghafla, na katika Kiswahili cha Kenya abambwaye kwa kawaida ni mtu aliyeshikwa na polisi. Kitenzi cha posho na kitenzi cha kituo cha polisi vimekuwa kimoja. Mkanganyiko huu unazidi kwa kuwa Kakuma Kiswahili ni vingi: kwa Mkongo, kamata ni neno la adabu la kumpa mtu kitu mkononi, na kwa Mkenya ni kutia nguvuni. Zaidi ya hayo, amri ya Bamba Chakula inaelekezwa kwa mwenye njaa. Yeye ndiye anayeambiwa atende. Mtoaji hakuamriwa kitu. Kwa hiyo utoaji ulipopungua, jina liliendelea kumwamuru mpokeaji akamate kilichokuwa hakipo, wala hapakuwa na jina la kumwamuru yeyote atoe.

Kupungua na kupunguziwa

Kiswahili kina utajiri wa kauli ambao wanafunzi wa isimu huufahamu vema: bei hupanda, hupandishwa, mgao hupungua, hupunguzwa, na mtu hupandishiwa bei, hupunguziwa mgao. Tofauti hizi hufundishwa kama viambishi. Katika Lodwar na Kakuma ni tofauti za madaraka.

Tangazo la serikali au la shirika huelekea kuchagua kitenzi kisichochukua yambwa: bei zimepanda, mgao umepungua, hali imekuwa ngumu. Kitenzi cha namna hii kina ukweli wake. Lodwar huletewa bidhaa nyingi kwa lori kutoka Kitale, kupitia Kapenguria na Kainuk, na katika njia ndefu kama hiyo bei hupanda kwa sababu zisizo na mwenyewe: mafuriko, barabara mbovu, lori lililoharibika. Ingekuwa uzembe kudai kwamba kila kupanda kuna mpandishaji. Hata hivyo yapo matukio yenye mtenda dhahiri. Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza kodi ya thamani ya mafuta ya gari kutoka asilimia 8 hadi 16. Hapo bei haikupanda; ilipandishwa, na Bunge. Mnunuzi wa unga wa Lodwar, anayelipia mafuta ya kila kilometa ndani ya bei ya kila kilo, alipandishiwa. Msemaji anayetumia kitenzi cha kwanza mahali pa cha tatu hajasema uwongo wa maneno, lakini amemwondolea msikilizaji mtu wa kumwuliza.

Jambo hilo lilidhihirika zaidi Kakuma mwaka 2025. Mwanzoni mwa mwaka huo Marekani, iliyokuwa mfadhili mkuu wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ilipunguza misaada yake. Machi wakimbizi waliandamana kuhusu chakula na maji. Polisi walifyatua risasi na watu wakajeruhiwa. Kufikia katikati ya mwaka, mgao ulikuwa umeshuka hadi asilimia 28 ya kiasi kinachopendekezwa. Kisha, kuanzia Agosti, wakimbizi waligawanywa katika makundi manne kwa kupimwa uhitaji wao: makundi ya mwanzo yalipewa, na yaliyokadiriwa kuwa na uwezo yaliachwa. Hata kabla ya utaratibu huo kuanza, mwishoni mwa Julai, maandamano yalizuka tena na kugeuka ghasia.

Makundi hayo yalipewa nambari, moja hadi nne. Nambari ni jina lisilo na maana ndani yake. Aitwaye mlemavu, mjane au mwenye duka anaweza kulipinga jina: anaweza kuonyesha kwamba duka lilifungwa, au kwamba si mjane. Aitwaye wa kundi la tatu hana la kupinga, maana hakuambiwa yeye ni nani. Utaratibu wa rufaa unaweza kuwapo, lakini rufaa huanza na sentensi, na sentensi huhitaji nomino. Hapa ufukara wa istilahi ulikuwa pia ufukara wa haki.

Waturkana wana desturi nyingine ya kuitaja njaa. Miaka ya njaa hupewa majina yake. Ile ya 1979 hadi 1981, iliyochanganya ukame, magonjwa ya mifugo na uvamizi, hujulikana kama Lopiar, jina lenye maana ya kufagia. Jina hilo halimtaji mtenda kwa jina lake, lakini halifichi kwamba kulikuwa na kitendo na kwamba kilichofagiwa kilikuwa mali ya watu. Neno ukame, ambalo maandishi ya serikali hulitumia kwa miaka kama hiyo, hutaja mbingu peke yake.

Raia, mgeni na shirika

Neno raia lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni wa kuchunga: raia ni wachungwao. Kiswahili cha siasa kimelipandisha cheo hadi likamaanisha mtu mwenye haki katika dola yake. Katika Turkana neno hilo limeshuka tena mahali pake pa kwanza, kwani raiya huko hutumika kwa wafugaji wa nyikani, kinyume na watu wa mjini. Kwa hiyo neno lenye heshima kubwa katika Katiba humwonyesha, katika kinywa cha Mturkana, yule aliye mbali zaidi na ofisi za Lodwar.

Kakuma neno hilo limewekewa mpinzani: raia na mkimbizi, au kwa lugha ya mashirika, jamii mwenyeji na wageni. Methali yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa zaidi ya miaka 30 wageni wa Kakuma, ambao pamoja na wa Kalobeyei wamefikia karibu 300,000, waliwekewa vizuizi vya kutembea na kufanya kazi, na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imeanza tu kuvilegeza. Wenyeji nao hawakuwa na jembe la kutoa, kwani wengi wao ni wafugaji katika nchi kavu, nao pia wamepangwa foleni ya msaada mara nyingi. Jozi ya mwenyeji na mgeni huleta picha ya nyumba yenye chakula na mtu aliyebisha hodi. Picha hiyo haikuwa ya kweli kwa upande wowote, na imewafanya maskini wawili watazamane badala ya kumtazama mgawaji.

Machi 2025 Rais William Ruto alizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kawaida chini ya utawala wa kaunti. Waliolichagua jina walikusudia ushirika, na kwa asili ya neno hawakukosea. Lakini Kakuma shirika lina maana iliyokwisha kujengwa kwa miongo mitatu: ni ofisi yenye gari jeupe, igawayo na inyimayo. Mpango uliokusudiwa kumtoa mtu mikononi mwa mashirika umepewa jina lao. Ilitosha kuuliza maana ya neno kambini kabla ya kuliandika.

Hitimisho

Katiba ya 2010 imetumia nomino iliyo bora kuliko zote zilizochunguzwa. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Haikuandikwa kila raia. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na hilo linazipa idara za lugha wajibu ambao hazijautimiza.

Istilahi ya umma haitoshi kupimwa kwa ufupi na ufasaha wake. Yapasa kupimwa kwa maswali matatu: je, inamtaja mtenda, au inamwachia msikilizaji nafasi ya kumtaja? Je, ina maana gani tayari mahali itakapotumika? Na je, aliyenyimwa anaweza kuitumia kuandikia lalamiko? Bamba Chakula halipiti swali la kwanza, Shirika halipiti la pili, na nambari za makundi hazipiti la tatu. Sentensi ya mpokeaji, tumepunguziwa, hupita yote matatu: kiima chake ni aliyepata hasara, kitendo kimetajwa kuwa kitendo, na nafasi ya kuuliza na nani imebaki wazi. Kauli ya kutendewa hufundishwa katika kila shule ya Kenya. Mafunzo hayo hayajawafikia watungao majina ya miradi na matangazo, na mhakiki wa lugha ndiye apaswaye kuwafikishia.