Mshamba wa Sinema na Lafudhi Isiyo na Mwenyewe

Mchezo wa sinema uitwao Muhogo Mchungu ulitengenezwa mwaka 1952, wakati Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipokuwa ikishirikiana na wapiga picha wa Afrika Kusini kutengeneza michezo ya Kiswahili kwa Waafrika wa nchi hii. Kisa chake si kirefu: mtu wa shamba aingia Dar es Salaam, na wajanja wa mji wamfanya watakavyo. Aliyeigiza mshamba huyo ni Rashidi Kawawa, mzaliwa wa upande wa Songea, ambaye miaka kumi baadaye, mwaka 1962, alikuwa Waziri Mkuu. Na mwaka 1967, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, ndiye aliyeagiza shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Si nchi nyingi ambazo mshamba wake wa sinema alipata kuiamuru lugha ya maofisi.

Nayataja hayo kwa sababu mshamba yule yungali hai. Katika vichekesho vya kanda za video, na sasa vya simu, angali akiteremka katika basi na furushi lake. Wahakiki wa leo, wakitaka kujua kama mchezo umewatendea haki watu wa namna mbalimbali, aghalabu huhesabu nyuso. Hesabu hiyo yafaa, walakini kwetu haitoshi. Watu wa bara wamejaa tele katika vichekesho vyetu; walichonyimwa ni ulimi wao.

Tutazame r na l. Kikurya kina r, hakina l. Kwa hiyo Mkurya anayejifunza Kiswahili huelekea kusema kurara mahali pa kulala. Kinyakyusa kina l, hakina r. Hata mlima ulioandikwa Rungwe katika ramani, wenyewe huuita Lungwe. Kila kosa lina njia yake, na njia hiyo hutoka katika lugha ya mama. Mshamba wa sinema, kinyume cha hayo, husema lafiki na kurara katika sentensi moja. Si Kikurya wala Kinyakyusa kimpelekacho mtu kukosea pande zote mbili kwa mpango huo. Lafudhi ile haikusikiwa kwao; imeshonwa kwa viraka.

Mwaka jana nilitazama mchezo wa namna hiyo kwetu Mbebe, katika wilaya ya Ileje, kwenye kibanda cha video. Mshamba alisemwa ni “mtu wa Mbeya”, neno linalomeza Wandali, Wamalila, Wanyiha na Wanyamwanga, ingawa Mkoa wa Songwe ulitengwa na Mbeya tangu mwaka 2016. Kimalila kina irabu saba, Kiswahili kina tano: mwigizaji mwenye sikio angepata humo kicheko cha kweli. Mzee mmoja karibu nami alicheka sana, kisha akauliza, “Mwalimu, huyu ni wa kabila gani?” Nikamjibu, “Wasema ni wa kwetu, baba.” Akatikisa kichwa, akaendelea kucheka.

Nitaambiwa kwamba kuchekana lafudhi ni utani, na utani ni mila. Naam. Lakini Mzaramo akimtania Mnyamwezi, Mnyamwezi hungoja zamu yake, naye aghalabu hulipa kwa riba. Sinema haina zamu. Tena lafudhi ya mjini haichekwi kamwe, kana kwamba si lafudhi. Ilhali mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, haukumpa mtu wa Dar es Salaam hati ya kumiliki matamshi. Namsifu hapa marehemu Amri Athumani, King Majuto, aliyefariki mwaka 2018. Alikuwa mtu wa Tanga, akasema kama mtu wa Tanga, na kicheko chake kilitoka katika tamaa na ubishi wa yule mzee aliyemwigiza, bila kuazima ulimi wa mwingine.

Siku ya pili yake mwalimu wa shule ya jirani alinikaribisha darasa la sita. Binti mmoja alisoma vizuri mpaka akafika kwenye neno rafiki. Akanyamaza. Nilipomwomba aendelee, aliwatazama kwanza wenzake.