Sauti Zimehifadhiwa, Wenyewe Je?

Hugh Tracey alikuwa Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi. Mwaka 1952 alipita Kongo, Rwanda na Burundi, akakusanya nyimbo na ngoma za huko kwetu. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki, ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Alitoa santuri zaidi ya 200, na siku hizi rekodi zake zimeingizwa kwenye kompyuta.

Kwanza nisifu. Santuri inakwaruzika, utepe unaoza. Faili halichakai kwa kusikilizwa, na nakala zake zinaweza kukaa miji mitatu kwa wakati mmoja. Aprili 2021 moto uliunguza maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town, na vitabu vingi vya Afrika vikaenda. Chenye nakala moja kinangoja moto tu.

Ila mimi nasema, kuhifadhi sauti ni nusu ya kazi. Santuri zile ziliandikwa kwa Kiingereza, na majina ya enzi zile. Kijana anayetafuta Kisangani ataupita wimbo ulioandikwa Stanleyville, na bibi anayeujua wimbo wenyewe hasomi Kiingereza. Sasa umehifadhiwa kwa ajili ya nani?

ILAM wenyewe waliliona hilo. Pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, walirudisha nyimbo Kapkatet, Kenya, ambako Tracey alirekodi wimbo wa Chemirocha mwaka 1950. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita. Ni jambo jema, lakini wangapi waliokuwa wameimba walikuwa wamekwisha kufa?

Hapa kambini wazee wanaoweza kusahihisha maelezo hayo bado wapo, tunawazika mmoja mmoja. Nyimbo zetu nazo zinakaa kwenye memori kadi za simu. Simu ikiibiwa, basi.

Ndugu zetu wa mashirika, mnaturekodi kila sherehe. Ombeni ruhusa kwanza. Andikeni jina la mwimbaji kama anakubali, lugha, mahali na tarehe, kwa Kiswahili pia. Halafu acheni nakala kambini kabla gari halijaondoka. Na sisi vijana tukae na wazee wiki hii, kalamu mkononi, tusingoje mradi.