Moyo wa Mhamiaji katika Riwaya ya Gurnah

Admiring Silence (1996) ya Abdulrazak Gurnah inaanza msimulizi akiwa mbele ya daktari Uingereza. Moyo wake mbovu, na daktari ana maelezo tayari: watu wenye asili ya Karibi ndivyo walivyo. Msimulizi ni mtu wa Zanzibar, lakini hamsahihishi. Kejeli hii, kwa maoni yangu, ndiyo kali kuliko zote katika riwaya. Ngozi imesomwa, maisha hayakusomwa. Haulizwi kuhusu kazi ya ualimu asiyoipenda, wala miaka mingi ya kuwaficha ndugu zake kwamba anaishi na Emma.

Hata hivyo, mwandishi anauacha ugonjwa mapema mno. Moyo unageuka sitiari ya upweke, na mgonjwa mwenyewe karibu anatoweka.

Msomaji wa Kampala ana haki ya kumdai zaidi. Katwe na Nsambya wanaishi Wakongo, Kisenyi Wasomali. Mkimbizi aliyechagua mji badala ya Nakivale kwa kawaida hujitafutia mwenyewe kodi na chakula. Mwenye kisukari akiambiwa ale kwa saa maalumu, atakula nini? Tena huambiwa kwa Kiganda au Kiingereza, naye ana Kiswahili cha Bukavu. Sisi walimu tunamkaririsha mwanafunzi "shinikizo la damu" (mitaani ni presha tu!) na kuridhika.

Ningependa kurasa hizo za mwanzo zijadiliwe katika darasa la ukalimani, kabla ya orodha ya istilahi.