Play-Doh: Harufu Iliyokandwa Ndani ya Unga

Kabla ya kuwa kitu cha kuchezea watoto, Play-Doh ilikuwa ya kufutia masizi. Kampuni ya Kutol ya Cincinnati, Marekani, iliuza donge laini la unga lililonasa masizi ya makaa ya mawe kwenye karatasi za ukutani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nyumba nyingi zilihamia gesi, na soko likadorora. Kay Zufall, mwalimu wa chekechea na shemeji yake Joe McVicker wa kampuni hiyo, akawapa wanafunzi wake donge lile. Vidole vyao vikaliweza kuliko udongo mgumu wa darasani.

McVicker akaondoa sabuni, akatia harufu ya lozi na, baadaye, rangi. Mwaka 1956 likawa sokoni.

Ufundi wenyewe nauona katika harufu. Mwaka 2018 Hasbro, wamiliki wa sasa, waliisajili Marekani kuwa alama ya biashara. Maelezo ya usajili yanataja vanila, cheri, na pia donge la ngano lenye chumvi. Yaani manukato hayakufunika unga. Unga wenyewe ni sehemu ya harufu.

Halafu kuna mkono. Mtoto akiliminya donge, joto la kiganja na sehemu mpya zinazofunuka huachilia harufu; akiliacha, harufu hufifia. Pua inaujibu mkono. Na habari za harufu hufika haraka kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu, bila kupitia kwanza kituo kinachopitiwa na habari za macho na masikio. Huenda ndiyo maana mtu mzima akifungua kopo la Play-Doh huweza kurudi utotoni papo hapo.

Nyumbani unaweza kutengeneza donge kama hili: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vijiko 2 vya mafuta, na maji ya moto ukiongeza kidogo kidogo hadi donge liache kunata. Chumvi huzuia ukungu. Tia iliki au mdalasini uliosagwa. Mafuta makali ya karafuu huwasha ngozi, yaache.

Mwalimu, weka harufu moja kwa kila donge ili mtoto alinganishe, na anayeikataa usimlazimishe. Usiondoke mezani palipo na wadogo: harufu tamu huwavuta kuonja, na chumvi nyingi kiasi hicho ni hatari ikimezwa.