Usomi wa Fasihi na Riziki Yake: Njia ya Kezilahabi

Kijana akitangaza kwamba anakwenda kusomea fasihi hadi shahada ya uzamili, wazee humuuliza: ukishamaliza, utakula nini? Swali hilo halina ubaya. Wahakiki ndio walioliacha bila ya jibu, wakashughulikia fani na maudhui kana kwamba mchambuzi hana tumbo. Njia aliyoipita Euphrase Kezilahabi yafaa kutazamwa kwa jicho hilo, kwani ni wachache waliousomea uhakiki kwa kina chake na bado wakaendelea kutunga kwa Kiswahili.

Mwana huyo wa Ukerewe (naye mtu wa kisiwa, ijapokuwa cha maji baridi) aliandika tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976, juu ya Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mtumishi wa forodha, asiye na shahada ya chuo chochote. Juu ya mabega yake wamepanda wasomi wengi hadi wakapata kazi. Si kosa lao, lakini deni lipo.

Kabla ya hapo, mwaka 1974, Kezilahabi alikwisha kutoa Kichomi, diwani iliyowaudhi wanamapokeo kwa kuacha vina na mizani. Wapo wanaosema kuwa chuo ndicho kilichompoteza. Hoja hiyo ni nyepesi: wengi walipita madarasa yale yale wakatoka na vina vyao salama. Alichokipata katika usomi ni swali zito zaidi: ni nani mwenye haki ya kuifasiri kazi ya Mwafrika, na kwa zana zipi? Alilichukua hadi Wisconsin, Marekani, na mwaka 1985 akalijengea tasnifu ya uzamivu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Aliiandika kwa Kiingereza. Malenga wa Pemba au wa Lamu aisome wapi?

Jibu lilikuja katika Nagona (1990) na Mzingile (1991). Humo swali lile lile limetoka katika chumba cha mtihani likavaa mwili wa safari, na kila mlango unaofunguliwa huonyesha mlango mwingine. Ni vitabu vyembamba na vigumu. Pengine Nagona humfungia msomaji nje kwa makusudi. Hata hivyo, tasnifu ilidai tu kwamba ufasiri unaweza kuwa na njia nyingine, ilhali riwaya inamlazimisha msomaji aipite njia hiyo kwa miguu yake. Hapo ndipo deni lilipolipwa, tena kwa Kiswahili.

Riziki ilikuwa jambo jingine. Baada ya Dar es Salaam, Kezilahabi alifundisha Botswana miaka mingi, kabla ya kufariki mwaka 2020. Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1947, alifundisha Osaka na Bayreuth. Wapo wanaonung'unika kwamba shahada zimewahamisha mafundi wa lugha. Anayenung'unika na amtaje mchapishaji wa pwani ambaye angewapa mshahara mwezi baada ya mwezi, pamoja na wasaa wa kutunga. Dhifa, diwani ya tatu ya Kezilahabi, ilitoka mwaka 2008, miaka 20 baada ya Karibu Ndani. Wasomaji wake wengi walikuwa Afrika Mashariki. Aliyemlipa mtunzi alikuwa Gaborone.