Mzimamoto Achomaye Vitabu: Ulinzi wa Elimu katika Hadithi ya Bradbury na katika Kusadikika

Mtu atakayeshika kalamu kuifasiri kwa Kiswahili hadithi ya Ray Bradbury iitwayo Fahrenheit 451, iliyotoka Marekani mwaka 1953, atakwama mapema sana. Guy Montag, ambaye habari zake ndizo zisimuliwazo, ni mtumishi wa zimamoto, na kazi yake ni kuchoma vitabu pamoja na nyumba zilimofichwa. Katika Kiingereza jambo hili lina njia nyepesi. Mtumishi wa kazi hiyo huitwa kwa jina ambalo, likichambuliwa viungo vyake, halina zaidi ya "mtu wa moto". Jina halisemi kama auzima moto au auwasha. Kwa hiyo wakubwa wa nchi ile hawakuhitaji kugusa neno. Waligeuza kazi, jina likabaki vile vile, na mtoto aliyezaliwa baadaye hakuwa na sababu ya kushuku. Katika Kiswahili hila hiyo haipiti. Mzimamoto amebeba kazi yake ndani ya jina lake, na kila aitwapo hushitakiwa na jina hilo. Yule msichana Clarisse, amwulizaye Montag kama ni kweli kwamba zamani watu wa kazi yake walikuwa wakizima moto, asingekuwa na haja ya kuuliza.

Mfasiri basi ana mawili: ama abuni neno jipya, na kuupoteza udanganyifu wa jina la kale, ama aliache neno letu na kumfanya msomaji ashangae tangu mwanzo. Mimi ningechagua la pili, maana mshangao huo unafungua mlango wa hadithi yenyewe. Waonyesha kwamba lugha yaweza kuwa shahidi ambaye hakuna aliyekumbuka kumnyamazisha.

George Orwell, katika Nineteen Eighty-Four ya mwaka 1949, aliliona hilo akalipa kazi kubwa. Watawala wake wana wataalamu wa kamusi, na kila chapa ya kamusi hiyo ni nyembamba kuliko iliyotangulia, ili mwisho mtu akose hata neno la kuwazia uasi. Wasomaji wa jarida hili, ambao wengi wao wamepata kukaa juu ya orodha za msamiati, wataielewa hofu hiyo upesi. Lakini Orwell ampa mtawala bidii nyingi mno. Bradbury ana neno chungu zaidi: kwamba bidii yenyewe haikuhitajiwa.

Neno hilo analitia kinywani mwa adui. Kapteni Beatty, mkubwa wa kituo, anamweleza Montag jinsi mambo yalivyoanza, na maelezo yake hayaanzi na amri ya serikali. Watu waliongezeka, mambo yakaenda mbio, vitabu vikafupishwa, na vifupisho navyo vikafupishwa. Kundi hili likachukizwa na kitabu hiki, kundi lile likachukizwa na kile, na wachapaji wakaona heri kutomchukiza mtu. Moto ulikuja mwisho, kuthibitisha tu yale ambayo wasomaji wamekwisha yaamua kwa kuacha kusoma. Mildred, mke wa Montag, hakulazimishwa kukaa mchana kutwa mbele ya kuta tatu zisemazo na kuonyesha picha. Yeye ndiye aombaye wa nne, na ndiye ampelekaye mumewe mashitaka. Ulinganifu wa fikira hapa haukutokana na kiboko. Ulitokana na raha, na kwa sababu hiyo ni vigumu kumpata mtu wa kumlaumu.

Yaliyokipata kitabu chenyewe yamemthibitisha Beatty kuliko mhakiki yeyote. Mwaka 1967 wachapaji wake, Ballantine, walitoa chapa ya shule. Maneno ya kuapiza yaliondolewa, na mahali kadha wa kadha palibadilishwa. Mwandishi alipohesabu baadaye alitaja mahali sabini na tano hivi. Msomaji hakuambiwa lolote. Tangu 1973 chapa hiyo iliyokatwa ndiyo pekee iliyouzwa na wachapaji hao, na Bradbury hakupata habari mpaka 1979, ndipo kitabu kikarudishwa kama kilivyoandikwa. Hakuna aliyewasha kiberiti. Tusidhani kuwa jambo hilo ni la wageni tu. Sisi tuharirio tenzi za kale, ambazo nakala zake hazilingani kwa idadi ya beti wala kwa mpangilio, twakata na kuunga karibu kila siku, na si kila mhariri aonyeshaye mahali alipopitisha mkasi.

Nakuja sasa kwenye mwisho wa hadithi, ambao wahakiki wengi huusifu na ambao kwangu una walakini. Montag anakimbia mji na kuwakuta wasomi watoro kando ya reli ya zamani, wakiongozwa na Granger. Kila mmoja amehifadhi kitabu moyoni. Vitabu vyenyewe wamevichoma kwa mikono yao wenyewe baada ya kuvisoma, wasije wakakutwa navyo. Msomaji wa Ulaya au Marekani huona hapo ajabu kubwa. Msomaji wa pwani yetu haoni ajabu hata kidogo, kwani amekua akiwaona waliohifadhi Kurani yote, na wazee wasomao tenzi usiku kucha pasipo karatasi.

Lakini yeye ajua pia jambo ambalo Bradbury hakulitia maanani. Hifadhi haisimami juu ya mtu mmoja. Imamu akikosea katika kisomo, maamuma aliye nyuma yake humtanabahisha papo hapo, na mwalimu chuoni hakubali aya mpaka ameisikia. Kilindacho maneno yasipotee ni masikio ya wengine kuliko kifua cha mmoja. Montag aambiwa kwamba mbali, katika mji wa Youngstown, yuko mtu mwenye sehemu ile ile ya Biblia aliyo nayo yeye. Hawajapata kusikilizana. Mmoja akisahau nusu ya mlango, nani atamsahihisha? Na wala hawajadiliani: wamekuwa majalada, nao Granger awasifu kwa unyenyekevu huo. Nchi ya Mildred iliacha kubishana na vitabu kwa kuvitupa. Watu hawa wako katika hatari ya kuacha kubishana navyo kwa kuvitukuza.

Kwa sababu hiyo nataka Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, isomwe pamoja na vitabu hivi viwili. Tumezoea mno kuifundisha kama fumbo la ukoloni na kuishia hapo. Fumbo lipo, ila si lote. Katika nchi ile ya angani hakichomwi kitabu. Elimu imo katika watu, kwa hiyo wafungwao ni watu: wajumbe sita walitumwa pande zote sita, wakarudi na manufaa, wakatiwa kifungoni. Karama, aliyeshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha elimu ya sheria, hajitetei kwa kujisifu. Asimulia habari za wajumbe hao mmoja baada ya mmoja, mbele ya baraza lile lile lililowafunga. Hiyo nayo ni hifadhi, lakini inasomwa mbele ya mahasimu, ambao kila mmoja aweza kusimama na kusema, "Sivyo." Watu wa Granger walimkosa msikilizaji wa namna hiyo.

Shaaban Robert naye ana deni kwetu. Mfalme anasikia, Karama anaachiliwa, na waliofungwa wanafunguliwa. Hatuelezwi vya kutosha kwa nini baraza lililozoea kuwafunga sita lililainika mbele ya wa saba. Beatty, aliyesoma vitabu vingi na bado akavichoma, angesikiliza hotuba ile yote ya Karama, akaijibu kwa ufasaha, na asilainike.